Ruhusa ya Kwenda kwa Ngamia

Sur, Jumanne, 2 Septemba 2025

Mwanangu Rumaitha,

Assalaam alaykum wewe, mumeo Asaad, na wajukuu zangu wawili, Maen na Yaqeen. Huku sote wazima. Paka wa jirani kazaa tena juu ya tangi langu la maji, na kila nikitaka kufungua koki ananitazama kama nyumba ni yake. Joto bado lipo, lakini juzi alfajiri nilifungua dirisha la jikoni nikapigwa na upepo wa namna nyingine. Majira yanageuka.

Salamu zimetosha. Sasa nisikilize: usinipigie simu tena. Nimeona ulivyonipigia mara nne wiki iliyopita. Simu za siku hizi mbovu, watu wanazungumza kama wamefunikwa blanketi, na mimi sina subira nazo. Niandikie barua. Jirani yangu Ghassan kila Jumatano jioni hupeleka samaki soko la Nizwa, na Alhamisi hurudi na gari tupu. Atapitia kwako na barua yangu, na atachukua yako. Tena itakufaa. Nilikulea tangu una miaka tisa, alipofariki kaka yangu Hamdun baada ya mama yako, na nilikulea kwa Kiswahili cha Unguja mjini, kile cha mama yangu. Leo unaniletea ujumbe nusu Kiarabu, nusu vipicha vya nyuso zinazocheka. Vipicha mimi sisomi.

La pili: Oktoba ikiingia, watoe watoto nje. Mtoto wa miaka saba na mtoto wa miaka minne hawakui ndani ya kiyoyozi. Miezi mitano tumefungiwa na jua, sasa mlango unafunguliwa. Tokeni.

Mimi usinitegemee kuja. Magoti.

Nimekuletea nguru vipande kumi na viwili. Vipande viwili ni vya Ghassan, usimnyime.

Shangazi yako,
Turkiya


Nizwa, Alhamisi, 11 Septemba 2025

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe na paka. Samaki wamefika, na barua yako imefika ikinuka samaki. Maen amesema hii ndiyo barua ya kwanza maishani mwake na anadhani barua zote zinanuka hivyo.

Maen ameingia darasa la pili. Jino la mbele limetoka, analiweka kwenye kikombe na anawaonyesha wageni. Yaqeen ameanza chekechea. Siku ya kwanza mimi nililia, yeye hakulia, aliniambia, "Nenda kazini, Mama." Asaad bado anafanya kazi kwenye visima vya mafuta, wiki mbili huko na wiki mbili nyumbani, na mimi niko pale pale duka la dawa. Gari yetu ilikuwa mbovu, sasa imetengenezwa.

Nimeandika ukurasa huu mara tatu. Usinicheke.

Kuhusu kutoka: tunatoka, Shangazi. Kila Ijumaa jioni nawapeleka kwenye jengo la maduka, kuna chumba cha kuchezea chenye mipira ya rangi. Kina mlango mmoja na mlinzi anakaa mlangoni. Mimi nakaa karibu na mlinzi. Wanafurahi. Maen anasema amechoka na mipira, lakini Maen kila kitu anachoka. Jangwani siendi tena, na wadi pia, yale mabonde yenye maji, siendi. Hilo tusilizungumze.

Lakini moja nitakuuliza. Magoti gani yamekuzuia Idi zote mbili? Wakati wa likizo ya Novemba mwaka jana ulikuwa unapanda mchanga mbele yangu. Tangu siku ile hujakanyaga kwangu, na kila nikisema tuje Sur unasema nyumba inapakwa rangi. Nyumba gani hiyo inapakwa rangi miezi kumi?

Juzi Yaqeen ameniuliza, "Bibi amenikasirikia?"

Mwanao,
Rumaitha


Sur, Jumanne, 23 Septemba 2025

Mwanangu Rumaitha,

Marahaba. Mimi mzima alhamdulillahi, na nimefurahi na barua yako kuliko ninavyotaka ujue. Gari ni letu, si yetu. Limetengenezwa, si imetengenezwa. Mengine nimeyasamehe.

Mwambie Yaqeen Bibi hajamkasirikia. Mwambie mara tatu, na mara ya tatu umshike mkono ukimwambia.

Hapa harusi ya mtoto wa pili wa Bi Thuraya imepita salama, wali ulikuwa mgumu. Ghassan alichelewa wiki iliyopita kwa sababu gari lilimpasukia tairi njiani, pale Al Kamil, akakaa pale nusu siku na barafu inayeyuka, akamaliza kwa kuuza samaki pembeni mwa barabara kwa watu waliosimama kununua majani ya ng'ombe.

Sasa hilo la mipira ya rangi. Rumaitha, wewe mwenyewe ulikuwa mtoto wa nje. Pale Ibra kwa baba yako ulikuwa huingii ndani mpaka uitwe kwa majina yote matatu. Nilipokuchukua ukaja Sur, wiki ya kwanza ulipanda ukuta wa jirani ukashuka upande wa pili na kuku wake. Nani aliyekukalia mlangoni? Huu ni mwezi wa makomamanga juu ya Jabal Akhdar, na nyinyi mnaishi chini yake, hamwendi! Panda na watoto. Mwombe mwenye shamba awaache wachume wenyewe. Nguo zao zitaharibika na madoa hayatoki. Shukuru Mungu kwa madoa.

Nenda Asaad akiwa nyumbani, muwe wawili, kila mmoja na mtoto wake. Mimi usinitie katika hesabu ya watu wazima wa kuangalia watoto. Hata nikiwepo, mkiwa watatu hesabu wawili.

Nimemaliza. Usiniulize tena habari ya rangi.

Shangazi yako,
Turkiya


Nizwa, Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Shangazi, shikamoo.

Sote wazima. Asaad anakusalimu, amerudi Alhamisi iliyopita na ndevu kama za babu yake. Yaqeen nimemwambia mara tatu, na mara ya tatu nimemshika mkono. Amesema, "Basi kwa nini haji?"

Tumepanda Jabal Akhdar Ijumaa iliyopita. Mchana ulikuwa baridi kiasi cha kutaka sweta, na mimi sikuchukua sweta, kwa hiyo Yaqeen alivaa shati la baba yake mpaka miguuni. Mwenye shamba ni mzee wa maneno machache. Alimwonyesha Maen jinsi ya kulizungusha komamanga ili tawi lisivunjike, akamwachia mti mzima. Maen alichuma kumi na saba. Hakunena kuchoka hata mara moja. Alikula mpaka kidevu kikawa chekundu, kisha akalala ndani ya gari na komamanga moja mkononi, na tulipofika nyumbani hatukuweza kumfungua vidole. Umeshinda, Shangazi. Nakubali kwa maandishi.

Lakini nataka kukwambia na la pili. Nilikuwa nimenunua kamba, zipo za watoto, upande mmoja unafungwa mkono wa mtoto na upande wa pili mkono wa mama. Yaqeen alitembea nayo shambani. Kwenye ngazi za mawe akasimama akaitazama ile kamba, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti kubwa mbele ya watu wote: "Mama, mimi ni mbuzi?" Watu walicheka. Asaad alicheka. Mimi nilikaa chini kwenye ngazi.

Sasa naandika ile siku, hata kama ulikuwepo, kwa sababu hatujawahi kuizungumza. Tulikutana Mintirib, sisi tumetoka Nizwa na wewe umetoka Sur, katikati ya njia, tukakodi hema kwenye kambi chini ya vilima vya mchanga. Alasiri Asaad alipanda juu na Maen. Wewe ulikaa kwenye mkeka na kikombe cha kahawa, Yaqeen anacheza kando yako. Mimi nilikwenda kwenye gari. Nilikwambia, "Shangazi, mtazame Yaqeen, narudi sasa hivi." Nikakuona umeitikia kwa kichwa. Niliporudi, wewe upo na kahawa yako, mtoto hayupo. Saa moja na nusu, Shangazi. Nilikimbia mpaka nikatapika. Halafu likaja lile gari la Bi Wadha, mama wa Kibedui, na Yaqeen amekaa mbele amelala. Alimkuta kwenye zizi lake la ngamia, nyuma ya vilima viwili vya mchanga.

Hukusema neno siku ile. Ulipanda gari ukarudi Sur. Mwaka unakwisha na mimi nina swali moja: nilikuachia mtoto, ukakubali, sasa ilikuwaje?

Si kwamba nakulaumu. Nataka kujua tu. Au labda nakulaumu kidogo, sijui. Nimeandika, basi.

Mwanao,
Rumaitha


Nizwa, Alhamisi, 30 Oktoba 2025

Shangazi, shikamoo.

Wiki tatu sasa Ghassan anakuja na samaki bila barua. Nimemuuliza kama unaumwa, amesema hapana, amekuona unaanika nguo na kumfukuza paka. Nimemuuliza kama umemwambia neno lolote la kuniletea, akatazama viatu vyake.

Kama nimevuka mpaka, niambie nimevuka mpaka. Nitukane kwa Kiswahili safi. Lakini usininyamazie. Ulinyamaza mwaka mzima, mimi pia nilinyamaza, na huyu mtoto katikati anadhani kosa ni lake.

Rumaitha


Sur, Jumanne, 4 Novemba 2025

Mwanangu,

Hujavuka mpaka wowote. Mpaka nimeuvuka mimi, na nilikuwa natafuta maneno. Watoto wazima? Asaad mzima? Mungu awahifadhi. Leo sina habari nyingine, naanza na lenyewe.

Mimi kiziwi, Rumaitha.

Si wa kutosikia kabisa. Ukikaa mbele yangu nikauona mdomo wako, nyumba ikiwa kimya, nakupata maneno mengi na mengine nayajaza mwenyewe. Ukiwa nyuma yangu, au kuna upepo, au redio inasema, hakuna kitu. Ni mwaka wa sita huu. Zilianza kuondoka sauti nyembamba: ndege, kengele ya mlango. Unakumbuka mlishangaa nilipostaafu kabla ya wakati, nikasema magoti? Magoti yangu hayana kitu, napanda ngazi hapa kila siku. Nilikuwa mkunga miaka thelathini na moja. Asubuhi moja mtoto wa kike alizaliwa mikononi mwangu, nikaona mdomo umefunguka, nikageuka kumuuliza mwenzangu, "Amelia?" Mwenzangu alidhani natania. Mtoto alikuwa analia chumba kizima. Siku ile ile niliandika barua ya kuacha kazi, maana kazi ile haifanywi kwa kukisia. Kule nilikuwa na ujasiri wa kusema. Kwa watu wangu mwenyewe sikuwa nao.

Nikajifunza kuitikia kwa kichwa. Mtu akisema, nikiona ametulia ananingoja, naitikia. Mara nyingi inafaa. Watu wengi hawataki jibu, wanataka kukubaliwa.

Sasa siku ya Mintirib. Upepo ulikuwa unavuma, nami nimelitazama jua linavyoshuka. Hilo ulilosema kutoka nyuma yangu, "mtazame Yaqeen," nimelijua mwezi uliopita, kwenye barua yako. Niliposoma niliweka karatasi chini nikazunguka ua. Sikujua kwamba niliachiwa mtoto. Nadhani niligeuka, nikaona uso wako, nikaitikia kama ninavyoitikia.

Ingekuwa hilo tu, ningekujibu wiki ile ile. Lipo jingine, na hili ndilo lililonifungia Sur mwaka mzima. Kabla ya kupotea, Yaqeen alikuja mbele yangu. Mdomo wake mdogo ulikuwa unakwenda mbio, sikupata hata neno moja. Alikuwa anacheka. Nikamcheka na mimi, nikaitikia kwa kichwa. Akaondoka anarukaruka. Alipoletwa na yule mama akaamka, alikuja moja kwa moja kwenye mapaja yangu, karibu kabisa, na hapo nilimsoma vizuri. Alisema, "Bibi, ulisema ndiyo."

Aliniomba ruhusa, Rumaitha. Alifanya kama ulivyomfundisha. Mimi nikampa ruhusa ya kwenda jangwani peke yake, bila kujua nimempa nini.

Umeuliza ilikuwaje. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuzalisha mimi mwenyewe, kwa mikono hii, na sasa siwezi kuaminiwa kuachiwa hata mkeka. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie sawasawa, si kidogo.

Turkiya


Nizwa, Alhamisi, 13 Novemba 2025

Shangazi yangu, shikamoo, na shikamoo tena.

Sote wazima. Maen amepata jino jipya, limekuja kwa pembeni.

Barua yako nimeisoma kazini, nimesimama nyuma ya rafu za dawa. Mwenzangu alidhani nimefiwa. Nilimwambia hapana, nimerudishiwa mtu.

Nimekaa siku nzima natafuta hasira, kwa sababu umenipa ruhusa. Sikuipata. Badala yake nimepata langu mimi, na wewe umelisema lako lote, kwa hiyo haifai nilifiche langu. Siku ile nilikwenda kwenye gari kuzungumza kwa simu. Bosi wangu alikuwa amenipigia kuhusu zamu za wiki. Wakati nakwambia "mtazame Yaqeen" nilikuwa nimeshaweka simu sikioni na nimeshageuka kuondoka. Sikuona vizuri kama umeitikia, niliona kitambaa chako kimesogea. Niliamua kwamba umeitikia kwa sababu nilitaka kwenda. Na sikurudi "sasa hivi". Nilikaa garini dakika ishirini na tano. Hii namba sijamwambia mtu yeyote, hata Asaad.

Na tena: Yaqeen aliniambia, usiku ule ule, wakati namwogesha. "Bibi alisema ndiyo." Nimelijua mwaka mzima. Nilidhani ulimpa ruhusa kwa makusudi, kwa vile wewe ni wa zamani na unaona watoto wa siku hizi wanadekezwa. Nikakaa na jambo hilo, sikuuliza, nikanunua kamba. Ningekuuliza siku ya pili, ungenijibu siku ya tatu.

Sasa imekwisha. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jambo likishajulikana linafanyiwa kazi. Nimefanya kazi. Kwanza: Jumapili tarehe thelathini una miadi na daktari wa masikio hapa Nizwa, saa nne asubuhi, nimekwisha andikisha jina. Pili: Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu tunakwenda Mintirib, kambi ile ile. Nimeogopa kuandika sentensi hii lakini nimeiandika. Tatu: nimewaeleza watoto. Nimewaambia masikio ya Bibi yamechoka, kwa hiyo ukitaka kusema naye unakwenda mbele, unamgusa, unangoja akutazame, halafu unasema polepole. Wanajifunza kwa kunifanyia mimi. Nyumba nzima sasa tunashikana mashavu. Maen ameniuliza kama Bibi ataona akisema maneno mabaya bila sauti. Nimemwambia Bibi ataona hayo kwanza.

Njoo na Ghassan Jumatano ya tarehe ishirini na sita. Siombi.

Mwanao,
Rumaitha


Sur, Jumanne, 18 Novemba 2025

Mwanangu Rumaitha,

Marahaba mara mbili.

Dakika ishirini na tano nimezisoma, nimezikunja, nimeziweka. Hatutazihesabu tena.

Nakuja. Nimemwambia Ghassan mbele nakaa mimi, na dirisha litakuwa wazi mpaka Ibra kwa sababu ya harufu. Masharti yangu mawili. Ukiniachia mtoto, njoo mbele yangu ukae chini, uniambie, na mimi nitakujibu kwa mdomo. Kichwa changu kuanzia leo hakiitikii kitu. Na hilo la daktari nitakwenda, lakini sitaahidi kuvaa mashine zake.

Nikisema sina hofu ya kuuona mchanga ule nitakuwa mwongo. Lakini nimeshafunga mkoba.

Turkiya


Sur, Jumanne, 2 Desemba 2025

Mwanangu Rumaitha,

Assalaam alaykum nyote. Asaad alinifikisha jana salama, akala, akarudi. Paka amehamisha watoto wake akawaweka ndani ya kapu langu la nguo safi. Kweli nyumba ni yake.

Nakuandikia habari za saa moja ambayo hukuwepo, kwa sababu pale jangwani watu wengi walikuwa wanazungumza kwa pamoja nami sikuweza kukueleza.

Ulikuja ukapiga magoti mbele yangu kwenye mkeka, ukasema, "Shangazi, mimi na Asaad tunapanda juu. Nakuachia Maen na Yaqeen. Umenisikia?" Nikasema, "Nimekusikia." Niliona namna ulivyoondoka bila kugeuka nyuma, na shingo yako imekakamaa. Robo saa ya kwanza sikunywa hata maji. Nilikuwa nahesabu vichwa: kimoja, viwili, kimoja, viwili. Maen alikuwa anachimba shimo la kufika Unguja, alisema.

Kisha Yaqeen akaja. Akanishika mashavu kwa mikono miwili yenye mchanga, akageuza uso wangu, akangoja mpaka nikamtazama. Akasema polepole kama anazungumza na mgonjwa: "Bibi, naweza kwenda kwa ngamia?"

Nikamwambia, "Hapana."

Akalia. Alilia kwa mdomo wote, meno yote nje. Kuna jino la nyuma linaanza kuoza, mpeleke. Wallahi, Rumaitha, mtoto analia mbele yangu na mimi najisikia nimepumzika kama mtu aliyetua mzigo. Nikamwacha alie mpaka akachoka. Kisha nikamwambia, "Peke yako hapana. Inuka, vaa viatu, tunakwenda watu watatu." Nikamwambia mpishi wa kambi tunakokwenda, nikamfanya arudie maneno yangu.

Bi Wadha tulimkuta anawapa ngamia maji. Alimtambua Yaqeen mara moja. Mimi alinitazama, akaanza kusema, na alikuwa amevaa barakoa yake ya wanawake wa Kibedui, mdomo sikuuona. Mwaka jana ningeitikia kwa kichwa. Maen akaja mbele yangu, akanigusa, akanifasiria neno kwa neno. Alisema: "Bibi, anasema mwaka jana alimuuliza Yaqeen kwa nini yuko peke yake. Yaqeen akasema, 'Bibi yangu amenipa ruhusa.' Anasema alikasirika sana. Anasema tangu siku ile anataka kumjua huyo ni bibi wa namna gani."

Huyo mtoto wako hakupunguza hata neno moja. Atakuwa hakimu.

Nikamjibu yule mama kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa, maana sijui tena sauti yangu inafika wapi: "Mimi ni kiziwi. Mtoto aliniuliza, sikumsikia, nikaona haya kusema sikusikia." Sijawahi kulisema mbele ya mtu nisiyemjua. Ngamia wote walikuwa wananitazama.

Bi Wadha akatazama huku na huku, hakuna mwanamume karibu, akaishika barakoa yake kwa vidole viwili akaifunua mpaka puani, ili niuone mdomo wake. Ni mtu mzima kama mimi, ana meno mazuri. Akasema, "Kaa, unywe kahawa." Nilisikia kila neno, kwa macho.

Ulipotukuta tunakunywa, ulikuwa umevaa kiatu kimoja. Sikukuuliza mbele ya watu.

Sasa habari ya mashine za masikio. Nilisema sitaahidi, na nilipozivaa Jumapili kwa daktari nilitaka kuzitupa. Bangili zangu zinapiga kelele! Friji linanguruma, miaka yote hiyo sikujua, nikamwita Ghassan alitazame akasema ni zima. Asubuhi navaa kwa muda wa saa mbili, jioni tena muda huo huo, naongeza kidogo kidogo. Mkewe Ghassan, Aliya, alisema kitu nyuma yangu jana kuhusu rangi ya kitambaa changu, nikamjibu. Aliruka.

Na mwisho, lile hasa la barua hii. Nataka watoto. Siku mbili, Alhamisi tarehe kumi na moja mpaka Jumamosi, hapa Sur, bila wewe. Aliya atalala hapa pamoja nasi, nimekwisha zungumza naye, si kwa sababu naogopa, ni kwa sababu watoto wawili wanataka macho manne. Ijumaa alfajiri Ghassan atatupeleka Ras al Hadd, wakamwone ufukweni kasa aliyetaga usiku akachelewa kurudi majini. Nakuomba, uso kwa uso kama karatasi inavyoweza. Na ukitaka kusema hapana, sema hapana. Sasa nimejua neno hilo lina faida.

Shangazi yako,
Turkiya


Nizwa, Alhamisi, 11 Desemba 2025

Shangazi, shikamoo.

Barua hii anakuja nayo Asaad, na watoto. Atawashusha, atakunywa maji, atarudi. Mimi siji nyuma yao. Leo nitakuwa kazini mpaka saa tisa, na baada ya hapo nitalala.

Kiatu cha pili kiko mchangani mpaka leo. Nilipokuta mkeka mtupu nilikimbia. Mpishi alinipigia kelele, "Wamekwenda kwa ngamia, Bibi amesema!" na nikaendelea kukimbia, lakini nakwambia kweli, nusu ya pili ya njia nilikuwa nakimbia kwa sababu nataka kahawa.

Yaqeen hali samaki mwenye miba. Jino limezibwa. Maen anasema haogopi giza, mwashieni taa ya ukumbini bila kumwambia. Kasa akiwa hayupo wasilalamike, wamwone siku nyingine. Wakikuudhi, warudishe na samaki.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini nimesimama kizingitini na Yaqeen ameshakaa garini. Amejifunga mkanda mwenyewe, mkoba uko mapajani, ananitazama mimi ninayemchelewesha.

Mwanao,
Rumaitha